Mashine Isiyozoa Maziwa

Jumanne asubuhi, kabla chai ya wageni haijachemka, mpishi wa gesti moja pale Nkwenda alimwaga bakuli la maharage mabichi sakafuni. Alimwaga kwa makusudi, kwa sababu aliombwa. Aliyemwomba ni Kokugonza, fundi wa redio, simu na taa za sola, ambaye karakana yake iko ng'ambo ya barabara, kati ya duka la pembejeo na kinyozi. Kokugonza alikuwa ameshika kitu chenye ukubwa wa chupa ya chai. Kilikuwa na mpini wa pasi iliyokufa, mota ya kikaushia nywele, seli za betri alizozichomoa kwenye kompyuta mbovu, na mbele kabisa kopo la siagi ya karanga linaloonyesha ndani.

Kilikuwa kifyonza cha mkononi, kidogo, kisicho na waya, cha kuzoa vinavyomwagika jikoni: unga, mchele, chai, mchuzi. Vifyonza alivyoviona Mwanza alipokuwa chuoni vilikuwa vya watu wenye mazulia. Yeye alitaka cha watu wenye majiko. Kazi ngumu haikuwa kuvuta, bali kuzuia maji yasipande kwenye mota, na hilo alilitatua kwa kipande cha bati alichokikunja ndani ya kopo, maji yakigonga hapo yanaanguka chini. Alijivunia bati lile kuliko cheti chake.

Alibonyeza swichi. Maharage yaliingia yote. Ulifuata mchele ambao hakuna aliyeumwaga asubuhi hiyo. Ikafuata chai ya maziwa, bado ya moto, kisha pilau yenye nyama, nyingi, mpaka kopo likakataa mfuniko.

"Hii pilau ni ya harusi ya bosi," alisema mpishi akiinusa. "Sinia lilinitoka mkononi mbele ya wageni. Nilitukanwa mpaka nikaona kizunguzungu."

Akaitenga kando kwa ajili ya chakula cha mchana, maana ilikuwa haijachacha.

Kokugonza alirudi karakana akiwa na wasiwasi wa fundi. Kilichomsumbua ni kwamba kopo linajaa haraka mno. Alipochunguza aligundua kuwa idadi ya seli ndiyo inayoamua mashine ifike umbali gani. Ukiweka mbili, inazoa kilichomwagika leo. Ukiongeza, inarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, na ukizijaza zote inafika hadi saruji aliyoidondosha mwashi siku ya kupiga sakafu. Kwa hiyo akaweka kitufe cha pili, upande mmoja "leo" na upande mwingine "zamani", akaona muundo umekamilika.

Watu wa Nkwenda waliiita Kanyonya. Mzee mmoja wa soko la ndizi aliuliza kama ni unyonyaji uleule waliohubiriwa kwamba ulikwisha, akaambiwa huu ni wa betri, akaridhika. Wenye migahawa walikuja kuweka oda. Mama mmoja muuza maandazi alirudishiwa sukari yote iliyowahi kumponyoka, akalalamika kwamba ina sisimizi.

Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Lakini Kokugonza alikuwa na jiko lake moja moyoni, na hilo halikuwa Nkwenda.

Mama yake, Benadeta, alikuwa akiishi kwenye chumba cha uani kwa kaka yake, hapohapo Nkwenda, tangu Kokugonza alipokuwa mtoto wa mgongoni. Alirudishwa kwao kwa kosa la kumwaga maziwa. Mumewe, Kamugisha, ni wa ukoo wa wafugaji wa kule nyikani, watu ambao ng'ombe wao wana majina na vibuyu vyao vina mahali pake. Katika ukoo huo maziwa hayamwagwi. Mke akiyamwaga kwa bahati mbaya, anakiri kabla jua halijazama, anachovya kidole kwenye yale yaliyomwagika, anaomba radhi, na hakuna anayelizungumza tena. Asiyekiri hufungiwa mizigo yake. Benadeta hakukiri. Alisema hakumwaga, akaulizwa tena, akasema hakumwaga. Mizigo ikafungwa, na mtoto akabaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo.

Sasa mtoto huyo alikuwa anaolewa. Mchumba wake, Benjamin, muuguzi wa Nyakahanga, alikuwa amekwisha kupeleka ng'ombe, na sherehe ya kumuaga bibi harusi ilikuwa imepangwa kufanyika nyumbani kwa Kamugisha. Kwenye sherehe ya namna hiyo kuna kiti cha mama. Anayekikalia hupewa mkaja, kitenge na blanketi, mbele ya watu wote, kama shukrani ya kubeba mimba. Kamati ilikuwa imempangia kiti hicho Evelyn, mke wa pili wa Kamugisha, mwanamke mpole ambaye hakuwa na kosa lolote zaidi ya kuja baadaye. Benadeta hakuwa na kiti wala ruhusa ya kupita langoni. Kokugonza alitaka mama yake akae pale. Hilo tu. Keki, rangi za sare na muziki angewaachia wachague wapendavyo, hata kama wangechagua zambarau.

"Mama," alimwambia jioni, Benadeta akiwa anamenya ndizi, "nitayazoa yale maziwa."

"Yapi?"

"Uliyomwaga."

"Sikumwaga."

"Waitu, jamani, Mama! Mimi si ukoo, mimi ni mwanao. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki, lakini sasa yanazoleka, nimeshayazoa. Nitayarudisha kwenye kibuyu, nimkabidhi Bibi kule nyikani, kesi iishe."

Benadeta alitupa ganda kwenye beseni. "Utazoaje yasiyomwagika?"

Kokugonza alimpenda mama yake, lakini alikulia kwenye nyumba ya upande wa pili, na kule habari ya maziwa ilisimuliwa kama inavyosimuliwa habari ya mvua kubwa, jambo lililotokea. Aliona huu ni ubishi uleule uliomfukuzisha. Akaenda kuchaji betri.

Mwenyekiti wa kamati, na wa karibu kila kitu katika ukoo ule, alikuwa baba yake mdogo Athanasi, mfanyabiashara wa Murongo, mtu mwenye sauti ya aliyezoea kupitisha mizigo mpakani. Kokugonza alimpigia simu akamweleza. Athanasi hakushangaa. Aliuliza tu kama mashine inatumia umeme mwingi.

"Sisi si watu wa kinyongo," alisema. "Yakirudi maziwa, na yeye arudi. Nitawaambia wazee."

Akawaambia kweli, na wazee wakakubali. Kokugonza aliifunga Kanyonya kwenye kanga, akapanda bodaboda mpaka nyikani. Moyo wake ulikuwa mwepesi njia nzima.

Jiko la bibi yake lilikuwa lilelile: paa la bati lililoingia moshi, sakafu ya udongo iliyosiribwa samadi, mafiga matatu, na juu ya kichanja vibuyu vya maziwa vimesimama kwa mstari. Bibi Nyirabageni alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na moto. Athanasi aliletewa kiti cha sebuleni. Evelyn alisimama na mabeseni. Kamugisha alibaki mlangoni, nusu ndani nusu nje, maana wanaume wa ukoo huo hawaingii jikoni ila kukiwa na kesi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho ndicho kilichozoa pilau?"

"Ndicho."

"Kina kelele?"

"Kidogo."

"Basi anza. Nina usingizi."

Kokugonza alisukuma kitufe upande wa zamani. Kwanza ulitoka uji wa asubuhi ile. Ikafuata chai, maharage, supu ya Krismasi, na damu ya majogoo wengi. Yalikuja mabawa na miguu ya senene wa kila msimu, beseni zima, na chini yake senene wenyewe walioponyoka wakati wa kukaangwa, wakiwa na chumvi yao. Athanasi aliwatafuna akisikiliza. Ilitoka pombe ya ndizi kiasi cha jagi moja, na Kamugisha akasema kule mlangoni kwamba hajui ilifikaje jikoni. Hakuna aliyemuuliza.

Kisha kopo likaonyesha matone machache ya maji, safi kabisa, hayana sabuni wala majivu.

"Hayo ni yangu," alisema Evelyn.

"Ya lini?" aliuliza Kamugisha.

"Chagua siku yoyote," alijibu Evelyn kwa adabu, akayamimina kwenye beseni la peke yake.

Mashine iliendelea kuvuta, na maji mengine kama yale yakaja, mengi kuliko ya kwanza. Nyirabageni aliomba kopo, akachovya kidole, akaonja.

"Haya ya Benadeta," alisema. "Alikuwa na chumvi nyingi yule."

Kokugonza alijua kwamba amekaribia. Aliinama, akapitisha mdomo wa mashine chini ya kichanja, taratibu, kama anavyofuata nyufa kwenye sakiti. Yalikuja majivu. Ukaja unga wa muhogo. Wakaja senene wa msimu mwingine. Halafu ikaja samadi ya siku ile sakafu iliposiribwa mara ya kwanza, na baada ya hapo mota ikalia juu ya udongo mtupu. Hapakuwa na maziwa. Alirudia kona kwa kona, akabadilisha seli, akarudia tena. Hapakuwa na tone.

Wote waliitazama mashine, si kwa lawama, bali kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeshindwa mtihani mmoja kati ya mingi.

"Ni mashine nzuri," alisema Athanasi. "Ila haizoi maziwa."

"Inazoa," alisema Kokugonza.

"Tumeona wenyewe. Imezoa hata pombe ya kaka. Maziwa imeshindwa."

Kokugonza aliomba kibuyu. Evelyn alimwangalia mama mkwe, akaruhusiwa, na maziwa kidogo ya asubuhi yakamwagwa chini. Nyirabageni alichovya kidole haraka kwa niaba ya wote, akaomba radhi. Kanyonya iliyazoa kwa mkupuo mmoja, yakatulia ndani ya kopo, meupe, na povu lake juu.

"Umeitengeneza!" alisema Athanasi, akampigia makofi. "Huyu mtoto ana akili. Haya, sasa yazoe na yale."

"Baba mdogo, haikuwa mbovu. Yale hayapo. Hayakumwagika."

Kuni zilipasuka motoni. Kisha Nyirabageni, ambaye kelele za mashine zilikuwa zimemfukuzia usingizi, akasema:

"Yatatoka wapi? Nilimpa Athanasi."

"Ni kweli," alisema Athanasi. "Nilikuwa nakwenda Murongo. Yalikuwa mazuri, ya yule ng'ombe mwenye baka usoni."

"Hakuna mwanangu anayeondoka kwangu tumbo tupu," aliendelea bibi. "Sasa Kamugisha alirudi kutoka machungani anadai maziwa yake. Ningemwambia nimempa mdogo wake? Wangepigana hawa, ulikuwa huwajui. Nikasema yamemwagika. Na yakishamwagika, lazima awepo aliyeyamwaga."

Evelyn aliinamisha kichwa akapanga mabeseni. Kamugisha alikuna shingo. Alisema siku zote alikuwa na wazo kama hilo.

Kokugonza alikasirika mpaka masikio yakamwasha. Alikasirikia jiko zima, na zaidi alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu hata yeye alikuja pale kutafuta maziwa ya mama yake. Lakini alikulia kwenye nyumba ile, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya heshima.

"Kwa hiyo Mama hakumwaga."

"Hakumwaga," walisema wote, kila mmoja kwa wakati wake.

"Kwa hiyo arudi. Akae kwenye kiti chake."

Athanasi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Atarudije, mwanangu? Tulikubaliana mbele ya wazee: yakirudi maziwa, na yeye arudi. Maziwa yamerudi?"

"Hayawezi kurudi, uliyanywa wewe!"

"Ndiyo maana nasema ni jambo gumu." Alikaa sawa kitini. "Angekuwa amemwaga, leo tungemaliza. Mashine unayo, maziwa tungeyaona, ningempigia simu hapahapa. Lakini mtu ambaye hakumwaga tutamsamehe nini?"

"Na siku ile angekiri," aliongeza bibi, "tungemsamehe siku ileile. Ubishi wake tu."

Kokugonza alimgeukia baba yake mlangoni. Kamugisha alikuwa mtu mwema kwa ng'ombe. Alivuta pumzi, akatazama nje, akatazama ndani.

"Ukoo ni ukoo, mwanangu," alisema. Kisha akauliza kama mashine inaweza kufanya kazi zizini.

Kabla ya kuondoka, Athanasi aliweka oda ya moja kwa ajili ya mke wake. Alimsindikiza Kokugonza mpaka kwenye bodaboda, akamshauri kama mtu anayejua biashara.

"Uiboreshe kidogo," alisema. "Iwe inazoa na yale ambayo hayakumwagika. Hapo hata Uganda wataitaka."

Kokugonza hakucheka, na jambo la ajabu ni kwamba alijaribu. Alifungua mashine mezani, akaongeza seli nje ya mpini, akazifunga kwa mpira wa baiskeli. Alipanua mdomo, akabadilisha chujio, akakata pangaboi jipya kwenye bati la kopo la rangi. Mashine ilivuma kwa nguvu mpya na kuleta ukungu mwembamba usio na harufu, ambao ulijaza kopo na ukiguswa hauloweshi kidole. Aliwaonyesha wateja wawili watatu. Walisema ni hatua nzuri, lakini si maziwa.

Benadeta alimkuta kwenye kazi hiyo, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amesikia yote. Habari za nyikani hufika Nkwenda kabla ya bodaboda.

"Nilikuambia," alisema.

"Uliniambia, Mama. Sikukuamini. Naumia."

"Usiumie. Ulikuwa mdogo, ukalishwa maneno yao." Aliokota skrubu iliyoanguka, akairudisha mezani. "Bibi yako bado anaumwa mgongo?"

"Bado anaumwa."

"Apakwe samli ya moto. Evelyn hajui, mwambie."

Kokugonza alizima mashine. Alipigana vita vyake kwa simu, ujumbe kwa ujumbe, hata akatishia kutokwenda kwenye sherehe yake mwenyewe. Upande wa Benjamin ulituma mshenga kuulizia kama kuna tatizo, na kamati ikalegea kwa kiasi ilichoona kinatosha. Benadeta aliruhusiwa kuingia langoni. Angeingia kama mgeni, miongoni mwa watu wa mjomba, na angeketi kwenye turubai la nje pamoja na majirani. Athanasi aliita hayo maridhiano. Kanisani Jumapili alitoa sadaka ya shukrani.

Siku ya sherehe jua lilikuwa zuri. Sare zilikuwa za zambarau. Mshereheshaji alimwita mama mzazi wa bibi harusi aje kwenye kiti chake, na Evelyn akatoka akitembea polepole kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Alipewa mkaja, akafunikwa blanketi, watu wakapiga vigelegele. Alilia. Wageni wakasema ni uchungu wa mama. Kokugonza alisimama kando yake na shela lake, akatazama juu ya vichwa vya watu mpaka kwenye turubai la mwisho, lakini jua lilimpiga machoni na hakuona kitu.

Ulipofika wakati wa kugawa keki, alikataa kumpa yeyote sinia. Alilibeba mwenyewe, akavuka uwanja wote na viatu vyake virefu, akapita meza za wazee, akapita meza ya kamati, akafika turubai la nje. Alimwona mama yake akiwa bado amesimama. Viti vilikuwa vimejaa. Mhudumu mmoja wa kamati, binti mwenye utepe wa zambarau begani, alikuwa amemzuia kwa upole.

"Samahani, mama, hivi viwili vya mbele ni vya wahusika," alikuwa akisema. "Wewe ni nani kwa bibi harusi?"

Kokugonza alifungua mdomo. Sinia lilikuwa zito, na pumzi zilikuwa bado hazijamrudia. Benadeta alimwona, akamtazama yeye na keki yake na shela lake, akatabasamu kidogo, akamgeukia yule binti.

"Mimi ndiye niliyemwaga maziwa," alisema.

Uso wa binti ukafunguka.

"Ala, kumbe ni wewe!" alisema kwa furaha, kwa kuwa habari hiyo aliijua tangu utotoni. "Karibu, mama." Akafuta kiti cha mbele kwa utepe wake, akamsogezea.